Mtahiniwa Pekee wa Hisabati

Alhamisi, 26 Oktoba 2006

Mvua: hakuna. Nzi: tele. Tume inakuja!

Simu ilitoka Canberra nikiwa nakula pai ya nyama. Wajumbe watatu wanazunguka nchi nzima kuuliza kama mitihani ya majimbo ifutwe, pawe na cheti kimoja cha taifa. Walitaka mji mmoja wa mpakani. Wametuchagua sisi, Burrawee! Watashuhudia mtihani wa Hisabati siku ya Jumatano, kisha watasikiliza maoni ya watu.

Mambo yenyewe yako hivi. Upande wetu wa mto ni New South Wales, na mtihani ni mtihani: karatasi moja, jimbo zima, dakika ile ile. Upande wa pili wa daraja, pale Quilty, ni Queensland. Huko walimu wanawapima wanafunzi wao wenyewe mwaka mzima na kuwapa alama wenyewe. Ni kama kumuuliza mama kama mwanawe ni mzuri.

Cheti cha taifa kikija, darasa letu la mwisho litahamishiwa Quilty, kwenye shule kubwa anayoiongoza Merv Pascoe. Merv anajua. Leo klabuni alinipiga bega akaniambia nianze kufunga mizigo, kwa sababu mimi nawapima watoto siku moja kama kondoo wa mnada. Nikamwambia yeye anawapima mwaka mzima na bado hajui uzito wao. Watu wakacheka. Nadhani walinicheka mimi.

Mimi ndiye msimamizi mkuu wa mtihani hapa tangu nikiwa na nywele. Funguo za sanduku la karatasi ninazo mimi. Saa ya ukutani ya ukumbini ni yangu, niliinunua stesheni ilipofungwa, na naitia ufunguo kwa mkono wangu. Bila mtihani mimi ni nani? Mwalimu wa jiografia mwenye kiungulia.

Tatizo moja. Mtahiniwa wa Hisabati mwaka huu ni mmoja tu, Tamsin Brodribb. Ukame umewafukuza wengine wote. Meza thelathini, msichana mmoja. Tume itaona nini?

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimepata dawa! Nitaujaza ukumbi.

Nimemwendea Athol wa bucha, Lorraine wa saluni, Noelene wa posta na wengineo, jumla watu kumi na mmoja. Wavae sare ya shule, wakae, wainamishe vichwa, waandike chochote. Nitawapa karatasi za zamani. Malipo: pai moja na bia mbili kila mtu. Athol ana miaka hamsini na kitu na tumbo la kutosha watu wawili. Alisema shati la shule halimwingii tangu watu walipotua mwezini. Nikamwambia aache vifungo wazi, atakaa nyuma kabisa.

Lorraine aliuliza kama kuna swali lolote kuhusu nywele.

Mke wangu Glenys alisikiliza mpango wote akiwa anamenya viazi. Akauliza: na yule mtoto je, hao watu wazima wakikohoa na kucheka, atafanyaje hesabu zake? Nikamwambia Tamsin ni hodari, hata radi haimshtui. Glenys akasema, "Des, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Kila nikiwa na wazo zuri yeye ana methali.

Jumapili, 29 Oktoba

Leo jimbo letu limesogeza saa mbele kwa ajili ya kiangazi. Queensland hawasogezi, wanasema ng'ombe watachanganyikiwa. Kwa hiyo kuanzia leo daraja ni la saa nzima. Ukitoka kwetu saa nne, unafika kwao saa tatu. Tumezoea. Makanisani tunapishana, mazishini tunapishana, maisha yanaendelea.

Lakini nilipokuwa naisogeza saa ya ukumbini, jasho likanitoka. Hoteli yetu iliungua. Tume italala Quilty! Nimewaalika saa tatu, mtihani unapoanza. Wao wataamka kwa saa za Queensland, watakuja saa tatu ya kule, ambayo huku ni saa nne. Watakuta mtihani umeshaanza zamani. Watakosa kengele, watakosa kufunguliwa kwa sanduku, watakosa hotuba yangu!

Ufumbuzi: nitaanza saa nne. Kuchelewa kwa saa moja tu. Sydney ni mbali, nani atajua?

Na hapo hapo wazo la pili likazaliwa juu ya la kwanza. Maandamano! Watahiniwa wote wakusanyike nyuma ya klabu, kisha saa nne kamili waje kwa mstari hadi ukumbini, Athol akipuliza zumari lake la Kiskoti. Tume itasimama mlangoni na machozi.

Mchana nimeendesha gari hadi shambani kwa akina Brodribb kumwarifu Tamsin. Njiani hakuna jani. Baba yake, Errol, alikuwa nyuma ya ghala na bunduki. Kondoo wanne wa mwisho walikuwa hawawezi tena kusimama. Nilisubiri garini mpaka milio ikaisha.

Tamsin alitoka jikoni na kitabu. Nikamwambia Jumatano aje nyuma ya klabu, na asiingie ukumbini kabla ya saa nne kwa hali yoyote. Akashangaa, akasema ratiba inasema saa tatu. Nikamuuliza msimamizi ni nani, yeye au mimi. Akasema, "Ni wewe, Bwana Tulloch." Mtoto mwenye adabu. Anataka kuwa daktari wa mifugo. Chuo kimeshamwambia kiti chake kipo, akipata Hisabati.

Jumanne, 31 Oktoba

Wamefika. Merv aliwapokea na keki kubwa ya matunda. Mnafiki! Mwenyekiti ni Dk. Verity Ashcombe, mama mrefu mwenye nywele fupi za mvi na tabia ya kumaliza kukusikiliza kabla ya kujibu. Hilo linaniogopesha.

Nimeifuta kila meza vumbi mara mbili. Vumbi limerudi mara tatu.

Jumatano, 1 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Niliingia ukumbini mapema. Niliweka keki za nazi na chokoleti, chai, maua ya plastiki. Saa ilipokaribia tatu mlango ukafunguka. Akaingia Dk. Ashcombe na wenzake wawili! Akasema habari za asubuhi, akauliza watahiniwa wako wapi.

Nikatazama saa yangu ya ukutani. Saa tatu kasoro dakika mbili. Nikatazama saa mkononi mwake. Saa tatu kasoro dakika mbili.

Wametoka Canberra! Saa za Canberra ni saa zetu! Walilala Queensland lakini hawakugusa saa zao. Mimi, mtu wa mpakani tangu kuzaliwa, nilifikiri mgeni akilala kwa jirani anaamka jirani. Watu wa mjini hawageuzi saa. Wanalala tu.

Nilikuwa na njia moja nyepesi. Klabu iko nyuma ya ukumbi, ng'ambo ya barabara. Kutoka mlangoni ningepiga mbinja tu, Tamsin angekuja mbio. Lakini angekuja na Athol, na Lorraine katika sketi ya shule, na zumari. Tume ingeona kila kitu.

Nikasema mtahiniwa amechelewa kidogo, barabara ni mbaya. Nikafungua sanduku, nikamimina chai.

Kanuni zinasema mtahiniwa anaweza kupokelewa hadi saa moja baada ya mtihani kuanza. Sekunde moja zaidi, hapokelewi, jimbo zima. Kwa hiyo nilikuwa na saa nzima. Niliomba Mungu watoke wakatembee. Nikawasifia mto. Nikawaambia kuna ndege wazuri darajani. Dk. Ashcombe akasema wako sawa hapo hapo. Nikawapa keki. Mjumbe mmoja akala nne. Nikatoa hotuba yangu kuhusu usawa: karatasi moja, dakika moja, mtoto wa tajiri na wa maskini bega kwa bega. Meza thelathini zilinisikiliza.

Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika hamsini. Shati langu lilishika mgongo. Mara mbili niliinuka, mara mbili nikakaa. Nilijua yuko wapi. Nilijua kila dakika.

Saa nne kamili zumari likalia.

Barabara ni pana, na Athol anatembea pole pole akipuliza. Walipofika mlangoni ilikuwa saa nne na dakika sita. Tamsin mbele, sare imepigwa pasi, kalamu tatu mkononi. Nyuma yake mji mzima wa makamo katika kaptura za shule. Shati la Athol lilikuwa limepasuka njiani. Lorraine akaniuliza kwa sauti bia ziko wapi.

Dk. Ashcombe akanitazama. Nikaona cheti cha taifa kinanijia kwa miguu. Nikafikiri: jambo moja linaweza kuokolewa, nalo ni heshima ya mtihani. Nikanyoosha mkono, nikamzuia Tamsin mlangoni. Nikasema kanuni ni kanuni. Amepitisha muda. Hapokelewi.

Akasema, "Lakini si wewe mwenyewe uliyeniambia nisiingie kabla ya saa nne, Bwana Tulloch?"

Nikasema sikumbuki kusema hivyo.

Hakulia. Alizirudisha kalamu mfukoni moja moja. Athol akavua tai, akaiweka juu ya keki, akaniambia, "Bwana wee, wewe huna haya hata ya kuazima." Akatoka. Wote wakatoka. Hakuna aliyedai pai yake.

Alhamisi, 2 Novemba

Sikulala. Kiungulia.

Nimepiga simu kwenye bodi ya mitihani. Nilisema tu kuna mtahiniwa aliyechelewa, nini kifanyike. Wakasema kuchelewa kwake mwenyewe hakuna rufaa. Lakini kama alipewa saa isiyo sahihi na msimamizi, msimamizi aandike hivyo na kutia sahihi kabla ya Jumatano ijayo kwisha, naye atakadiriwa kwa alama zake za mwaka mzima. Alama zake za mwaka ni za juu kabisa. Atapita kwa raha.

Nikauliza msimamizi huyo atafanywa nini. Wakasema hatasimamia tena.

Sasa angalia mtego! Wanamtaka mtu ajipalie makaa kichwani mwenyewe, kisha atoe asante.

Dk. Ashcombe alipita nyumbani kabla ya kuondoka. Hakutaka chai. Alisema Tume haina mamlaka juu ya mtoto huyo, mwenye mamlaka ni mimi, na mistari miwili inatosha. Nikamwambia nitalitafakari kwa upana wake. Akasema lisiwe pana sana.

Jioni akaja Errol Brodribb. Alisimama barazani kwangu, kofia mkononi. Heri angepiga kelele. Alisema amelima miaka yote na sasa hana hata kondoo wa kumwonyesha mgeni. Alisema, "Sina cha kumwachia, Des. Shamba ni la benki, na vumbi ni la upepo. Nilikuwa na huo mtihani wake tu." Nikamwambia aniachie mimi, nitalishughulikia.

Akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikosa pa kutazama, nikatazama kofia.

Jumamosi, 4 Novemba

Njia ya tatu ipo! Mimi si mtu wa kukwama.

Ugonjwa! Mtahiniwa aliyeugua anapewa rufaa bila msimamizi kuguswa. Nimemwendea daktari wetu, ambaye namdai fadhila kwa kura niliyompigia ya uenyekiti wa klabu, nikamweleza kwamba Tamsin alizirai asubuhi ile kwa joto. Akasema akiletwa na akasema hivyo mwenyewe, ataandika. Mambo yamenyooka.

Nikaenda shambani. Tamsin alikuwa anafukia kondoo wale wanne. Nilimweleza polepole: atasema alizirai, cheti kitaandikwa, kiti chuoni kitabaki chake, kila mtu atabaki na chake. Akafukia mpaka akamaliza. Kisha akasema hakuzirai. Alikuwa mzima, alikuwa nyuma ya klabu, na alikuwa anarudia milinganyo yake kwenye kiganja. Akasema, "Kwa nini niseme mimi uongo, wakati wewe ukisema kweli inatosha?"

Mkaidi! Nimemletea wokovu mpaka mlangoni. Nimerudi nyumbani nimejaa vumbi na uchungu. Watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Glenys amehamia chumba cha wageni. Amesema ataniandikia hizo sentensi mbili yeye, nitie sahihi tu. Ziko mezani. Nimeweka kikombe juu yake ili zisipeperuke.

Jumanne, 7 Novemba

Siku ya Kombe. Mji mzima ulisimama kutazama mbio za farasi za Melbourne. Nilipoingia klabuni wakasimama kunitazama mimi. Kisha wakageuka. Athol ananiuzia shingo tu siku hizi, anasema ndiyo iliyobaki. Lorraine hana nafasi ya kuninyoa hadi Februari, na nywele zenyewe ni chache.

Merv peke yake ndiye aliyekuja kukaa nami. Nilidhani amekuja kunicheka. Hakucheka. Alisema, "Tia sahihi, Des. Kesho ndiyo mwisho. Hata mimi sitaki kukushinda namna hii." Merv kunihurumia! Sijawahi kutukanwa vile.

Nikarudi nyumbani nikakaa mezani. Kalamu mkononi. Karatasi ya Glenys mbele yangu. Nitakiri, nilianza. Niliandika D. Niliandika T.

Kisha nikafikiri: lakini kweli kosa ni la nani? Nani aliyekataa kusogeza saa? Queensland! Kama wangekuwa na saa kama watu, ningehangaika? Nikachukua karatasi mpya. Nimeandika kurasa kumi na nne. Historia ya mpaka, ng'ombe, jua, Katiba. Tamsin nimemtaja ukurasa wa kumi na tatu, kwa wema kabisa, kama mhanga wa tofauti za saa kati ya majimbo. Nimetia sahihi kubwa. Nimeiwahi posta kabla ya kufungwa. Noelene aliipokea barua kwa vidole viwili.

Sentensi mbili za Glenys nimezitumia kuwashia jiko. Najisikia mwepesi. Nimemtetea mtoto kwa kurasa kumi na nne, nani mwingine angefanya hivyo?

Jumatano, 20 Desemba

Matokeo yametoka. Tamsin: Kiingereza juu, Biolojia juu, Kemia juu. Hisabati: mstari mtupu. Bodi imejibu kurasa zangu kwa aya moja. Wanasema maelezo yangu ni ya kuvutia, lakini hayasemi popote kwamba mtahiniwa alielekezwa vibaya na msimamizi.

Chuo kimempa kiti mtu mwingine.

Alfajiri nilimkuta Tamsin darajani nikitembeza mbwa. Amevaa viatu vyeupe vya mpira. Ameajiriwa machinjioni, Quilty, anakata mapaja ya kondoo. Nikajaribu kumchangamsha. Nikamwambia kazi ile nayo ni elimu ya viungo, wengi walianzia hapo. Akaniambia lori linaondoka. Mbwa wangu alimfuata hadi katikati ya daraja, ilibidi nimwite mara nne.

Errol hatoki tena. Glenys humpelekea supu. Mimi nilitaka kwenda, lakini nina mengi.

Ijumaa, 22 Desemba

Tumo ndani ya ripoti ya taifa!

Ripoti ya awali ya Tume imefika. Ukurasa wa saba: "katika mji mmoja mdogo wa mpakani, msimamizi alimkatalia mtahiniwa wake wa pekee." Mimi! Hawakutaja jina, lakini mimi najua. Wanapendekeza cheti kimoja cha taifa, na msimamizi asiwe mtu mmoja peke yake. Merv ameniletea nakala, akaiweka mezani, akaenda.

Nimeisoma mara kadhaa. Sioni kosa langu humo. Naona mtu aliyesimamia kanuni. Na cheti kikija, kitahitaji wasimamizi wenye uzoefu, au sivyo? Nimeshaandika barua ya maombi. Bodi nayo imeisoma ripoti, na barua yao mpya inasema sitasimamia tena mitihani ya jimbo. Ya jimbo! Ya taifa hawakuitaja.

Nimeshaona pia dosari ya mwaka huu ilikuwa wapi. Tulianza kwa kuchelewa. Basi mwakani tutaanza mapema: saa mbili badala ya saa tatu, kwa usalama. Na mazumari mawili.

Nimempelekea Tamsin ujumbe kupitia supu ya Glenys. Nimemwambia arudie mwaka, aje Novemba saa mbili kamili, kiti cha mbele ni chake, nitakifuta vumbi mwenyewe. Glenys amerudi na bakuli tupu na jibu lenye swali moja. Tamsin anauliza: saa mbili za upande gani?

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nitaamua siku hiyo hiyo.